Upepo wa Kusi Unasingiziwa

Upepo wa kusi unapoanza kushika baada ya mvua za masika, madirisha ya Lamu yanayotazama bahari hufungwa kabla ya magharibi, watoto wachanga huvishwa sweta na kofia za sufi, na mama yeyote anayepita kichochoroni na mtoto anayekohoa huulizwa swali moja, aghalabu hata kabla salamu yake haijajibiwa: "Umemuweka wapi huyu mpaka akaingiwa na baridi?" Swali hilo huulizwa kwa huruma, na aulizaye ni jirani mwema au halati mwenye haki ya kuuliza. Hata hivyo, ndani yake mna hukumu mbili zilizokwisha kukatwa: kwamba upepo ndio ulioleta mafua, na kwamba mama ndiye aliyeufungulia mlango. Ninazipinga zote mbili, na ya pili ninaipinga zaidi kuliko ya kwanza.

Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa mahakimu. Mtoto wetu wa tatu alipougua kifua akiwa na miezi miwili, nilimlaumu mama yake kwa kumuogesha kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, baada ya alasiri, wala halikunijia wazo la kumtazama kaka yake wa miaka saba, ambaye alikuwa na kamasi kwa siku tatu na ambaye kila arudipo shuleni humrukia mdogo wake na kumbusu kabla hajavua mkoba. Yule niliyemlaumu ndiye aliyekesha, na yule aliyeleta maradhi alilala fofofo. Mimi nilikuwa barazani nikiueleza upepo.

Tuanze na huo upepo. Baridi ya Lamu ni baridi ya jina tu. Hata Julai na Agosti, kipupwe kinapokuwa kileleni, ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20, na mtu wa Nyeri au Limuru akitukuta tumejitanda shuka kwa hali hiyo hutucheka. Mafua husababishwa na virusi, na virusi vyenye uwezo wa kuyaleta ni vya aina zaidi ya 200. Makao yake ni pua na koo za watu, na safari zake ni fupi: matone ya chafya, hewa ya chumba kilichofungwa, mkono uliopangusa kamasi kisha ukashika kikombe au shavu la mtoto. Homa ya mafua nayo, ile kali inayomlaza mtu mzima kwa siku kadhaa, katika nchi za joto huzunguka karibu mwaka mzima, wala haina msimu mmoja ulio wazi kama ilivyo Ulaya, ambako huja na miezi ya baridi na kuondoka nayo.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka Kilifi, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka gati ya Mokowe. Kuna kirusi kinachojulikana kwa herufi RSV, ambacho kwa mtu mzima ni mafua ya kawaida, lakini kwa mtoto wa miezi michache huweza kushuka hadi katika vijia vyembamba vya pumzi na kumfanya ahangaike kupata hewa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, walizifuatilia kaya 47 zenye jumla ya watu 493 kuanzia Desemba 2009 hadi Juni 2010, wakichukua ute wa puani mara mbili kila wiki, kwa mzima na kwa mgonjwa, ili wajue katika kila nyumba ni nani aliyetangulia kuambukizwa. Walibaini kwamba zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa walikipata kirusi hicho ndani ya nyumba zao wenyewe, na kwamba aliyekiingiza mara nyingi alikuwa ndugu mkubwa, aghalabu mwanafunzi. Jambo hili linafaa kutafakariwa na kila mzazi anayemfungia mtoto mchanga chumbani ili asipigwe na upepo, kisha akamruhusu mwanafunzi aingie chumba hicho hicho na mikono ya shuleni.

Kuna jambo la pili katika habari za Kilifi, nalo linaudhoofisha zaidi ushahidi dhidi ya kusi. RSV kule kwa kawaida huanza kupanda mwishoni mwa mwaka na kushika kasi katika miezi ya mwanzo wa mwaka unaofuata, yaani wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na usiku ukiwa wa kulala juu ya dari. Kirusi kinachowatesa sana watoto wachanga basi hutujia wakati ambapo zile kofia za sufi tumeziweka sandukuni na hofu yetu tumeiweka humo humo.

Sisemi kwamba wazee wetu waliota. Waliona kikohozi kikizidi wakati wa mvua na kusi, na macho yao hayakuwadanganya. Walichokosea ni kumtaja mtuhumiwa. Mvua za masika hukutana na kufunguliwa kwa muhula wa pili wa shule. Watoto waliokuwa wametawanyika majumbani hukusanywa tena madarasani, hatua chache kati ya dawati na dawati, na alasiri hukusanywa mara ya pili chuoni kwa masomo ya Kurani, ambako wanakaa mkekani magoti yakigusana, wakisoma kwa sauti kubwa katika chumba ambacho madirisha yake yamefungwa ili mvua isilowanishe misahafu. Mchezo wa ufukweni huhamia ndani ya nyumba. Kila kitu kinachowasogeza watu karibu na kuinyima nyumba hewa hutokea kwa pamoja, na upepo unavuma nje. Ulikuwapo, ni kweli. Ila kuwapo si kutenda.

Hapa nyumba zetu zenyewe zina habari ya kutueleza. Nyumba ya mawe ya mji huu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ilijengwa na watu walioielewa hewa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, ambao mara nyingi haufiki mita 3. Lakini vyumba hivyo vilifunguka kuelekea kiwandani, na kiwanda kilifunguka kuelekea mbinguni, hivyo kwamba hewa nzito ya waliolala ilipata njia ya kupanda na kuondoka. Meko yaliwekwa juu kabisa, katika kidari cha meko chini ya paa la makuti, ili moshi usipite puani mwa mtu. Tumekwenda kinyume cha ujenzi huo kwa sababu zinazoeleweka: kodi imepanda, familia zimeongezeka, nyumba ya ukoo mmoja imegawanywa kwa mbao na matofali ikawa ya wapangaji watatu, kiwanda kimeezekwa mabati ili kipatikane chumba kimoja zaidi, na jiko la makaa limeteremshwa hadi kando ya kitanda. Katika nyumba ya namna hiyo, kufunga dirisha kwa kuogopa baridi ni kuyafungia mafua ndani pamoja na watoto. Dirisha likiachwa wazi saa moja asubuhi na saa moja jioni, huku mtoto amefunikwa leso na kulazwa mbali na mkondo wa upepo, nyumba hupata hewa mpya na bibi hapati sababu ya kulalamika.

Kuhusu moshi ninajua kwamba nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto anayeishi katika moshi wa kuni na makaa hatari yake ya kupata nimonia hukaribia kuwa maradufu. Sisi, tunapoona kifua cha mtoto kimebana, tunaleta chetezo. Tunamfukiza ubani na udi, chumba kinajaa moshi, mlango umefungwa ili harufu isitoke, na mtoto aliyekuwa akikohoa anaanza kukohoa kwelikweli, jambo ambalo hufasiriwa kwamba dawa inafanya kazi. Ubani una heshima yake nyumbani kwetu na sina nia ya kuuondoa. Nguo zifukizwe, ukumbi ufukizwe kabla ya wageni, lakini mapafu ya miezi mitatu yasihesabiwe kuwa nguo. Kujifukiza kwa mvuke wa maji ya moto na mkaratusi nako kumfae mtu mzima, kwa kuwa sufuria inayochemka chini ya shuka pamoja na mtoto wa miaka miwili huweza kuishia kwenye jeraha la moto.

Sasa tuwaingie wageni. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mambo mengi ni kweli, kwa sababu mgeni huleta habari, zawadi na kisingizio cha kupika pilau. Katika mafua methali hiyo hugeuka juu chini. Desturi ya arobaini, inayomweka mzazi na mtoto wake ndani kwa siku 40 baada ya kujifungua, kwa kipimo chochote ni kinga nzuri: wiki za kwanza, ambazo mtoto hana nguvu na chanjo zake nyingi bado, anaepushwa na masoko na misongamano. Lakini tumeihifadhi nusu ya desturi. Mtoto hatoki, ni sawa. Badala yake mji mzima huingia. Shangazi kutoka Mombasa, jirani na wanawe wanne, rafiki wa skuli ya zamani aliyeshuka mashua ya asubuhi na kikohozi cha safari, wote hupakatishwa mtoto na wote humbusu usoni, kwa sababu kumnyima mtu mtoto ampakate ni kumfanya adui. Ukifika wakati wa Maulidi, mji unapopokea wageni kutoka pwani nzima na hata kutoka ng'ambo, nyumba yenye mtoto mchanga inaweza kupitiwa na watu thelathini kwa siku moja.

Mama aliyejifungua majuzi hawezi kumzuia mama mkwe wake, na ni uonevu kumtaka afanye hivyo. Anayeweza ni mwenye umri na kauli, yaani bibi wa nyumba. Bibi akikaa karibu na kitanda na kusema, "Mtoto tutamuonesha kwa mbali, mumuombee dua, na mwenye mafua atamuona siku ya arobaini," hakuna anayekasirika, kwa kuwa neno limetoka mahali pake. Nimeiona nyumba moja ya mtaa wa Langoni ikifanya hivyo na wageni wakacheka, wakala, wakaondoka. Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta hoja. Kila mtoto wa hapa hufundishwa kumhimidi Mungu anapopiga chafya, na sote tunajua jibu la kumrudishia. Ila mafunzo hayo hayo yanasimulia kwamba Mtume alikuwa akifunika uso kwa mkono au kwa nguo yake apigapo chafya, na sehemu hiyo tumeisahau. Vivyo hivyo mtoto wa miaka saba, ambaye ndiye hasa mlango wa mafua, amekwisha kufundishwa udhu: anajua kuosha viganja, kusukutua na kusafisha pua. Akiambiwa kwamba kumwendea mdogo wake kunataka mikono iliyooshwa kwa sabuni na nguo za shule zilizovuliwa, hatakuwa amefundishwa jambo geni. Watoto hupenda kupewa amana.

Kinga hizi hazitayamaliza mafua. Mtoto mdogo mwenye afya njema hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na kila mara huchukua siku saba hadi kumi, huku kikohozi kikiweza kubaki kwa wiki mbili au tatu. Nyumba yenye watoto watatu walio chini ya umri wa shule ya msingi, wakiugua kwa zamu kama ilivyo ada yao, itakuwa na pua inayochuruzika karibu kila mwezi wa mwaka, na mama wa nyumba hiyo hana kosa lolote alilolitenda. Lau hesabu hii ingejulikana barazani, lile swali la "umemuweka wapi" lingekufa lenyewe.

Isipojulikana, huzaa gharama. Mzazi aliyefanywa ahisi kwamba mafua ni uzembe hutaka kuonekana ametenda jambo, na jambo lililo karibu ni duka la dawa. Lugha yetu nayo inachangia. Neno homa hapa Kenya limebebeshwa mafua, joto la mwili na malaria kwa pamoja, hivyo mama akisema "mtoto ana homa" muuzaji huweza kumpa kapsuli za kuua bakteria, vidonge vya malaria au dawa ya maji ya kikohozi, na wakati mwingine zote tatu. Dawa za kuua bakteria hazigusi virusi. Zikizoeleka kutumiwa ovyo, siku ya nimonia ya kweli zinakuta vijidudu vimekwisha kuzizoea. Mtoto mwenye joto kali la mwili apaswa kupimwa damu kwanza, kwa sababu Lamu ina mbu na malaria haisubiri kubahatishwa. Dawa za maji za kikohozi kwa mtoto mdogo manufaa yake ni machache, na tangu msiba wa Gambia mwaka 2022, ambapo makumi ya watoto walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi na dawa za maji zilizochanganyika na sumu zikahusishwa na vifo hivyo, mzazi ana haki ya kuitazama chupa mara mbili. Asipirini asipewe mtoto mwenye homa ya mafua kabisa. Maziwa ya mama mara kwa mara, matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake akiwa na joto, na kwa aliyepita mwaka mmoja kijiko cha asali: hayo ndiyo matibabu yenyewe, na karibu yote yamo nyumbani. Asali isitiwe kinywani mwa mtoto aliye chini ya mwaka, hata kwa ndimu na tangawizi, hata kama baba yake alilelewa nayo, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za sumu ambayo utumbo wake haujaweza kuizuia.

Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wetu, lakini ile ya kukinga bakteria wa nimonia imo tangu mwaka 2011, nayo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kitabu cha kliniki chenye nafasi tupu katika safu hizo kinatisha kuliko dirisha lililo wazi.

Limebaki suala la lini kuogopa, nalo kwa watu wa visiwani ni suala la maji. Mafua yasiyo na hatari na nimonia vyote huanza kwa kamasi na kikohozi. Kinachovitofautisha ni pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, huhesabiwa pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 60 kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, basi huyo anahitaji kuonwa na mganga wa hospitali. Na ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea hata haamki vyema, safari ni saa hiyo hiyo. Kwa mkaazi wa Mkomani, mtaa wa mji wenyewe, saa hiyo hiyo ni kumbeba mtoto na kukata vichochoro. Kwa aliyeko kisiwa cha Ndau au Kiwayu ni mashua, nahodha, mafuta, na njia ya Mkanda kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambayo maji yakikupwa haipitiki kwa vyombo vizito, ilhali nje ya Manda wakati wa kusi mawimbi hayana mchezo. Mwenye kungoja mpaka usiku wa manane "aone kama atapata nafuu" huenda akaamua kuondoka wakati bahari imekwisha kuamua vingine. Uamuzi ufanywe alasiri, maji yakiwa bado yapo, hata kama baadaye ataonekana alihangaika bure.

Wala uamuzi huo hauna haja ya kumngoja mama peke yake autoe, kisha aombe ruhusa ya kuutekeleza. Kusi ndiyo miezi ambayo wavuvi wengi hawatoki kila siku. Mashua zimepandishwa, nyavu zinashonwa, na baba yupo nyumbani kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Zamu ya usiku ni yake kama ilivyo ya mkewe. Mtu anayeweza kukaa gizani akajua kwa kutazama mwezi kwamba bamvua, yaani maji makuu, itaingia siku gani na Mkanda utapitika saa ngapi, hatashindwa kushika saa ya simu mkononi na kuhesabu kifua kidogo kinavyopanda na kushuka kwa dakika moja.